Tuisheni ya histo na serikali ya Jumamosi pale Kibuye, Kisumu

Kila wiki kuna mtu ananiandikia kuuliza kama hii tuisheni ya Jumamosi ya Kibuye inasaidia kweli ama ni mtu tu anakusanya pesa za wazazi, basi wacha niseme yote hapa mara moja. Mimi nimefanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, 2025, nilianza kuenda pale nikiwa kidato cha tatu, na saa hizi mdogo wangu ndiye anaenda kwa hivyo siongei mambo ya kale. Kwa nyota tano naipatia nne. Ile moja nitaeleza huko chini imepotelea wapi.

Mahali si pagumu. Ukishuka steji ya Kibuye uliza ukumbi ulio nyuma ya kanisa, wamama wa mitumba wote wanaujua, kuna geti halafu kinjia cha mawe. Wanaanza saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu, shilingi mia tatu kwa Jumamosi, unalipa ukiingia, ukikosa kuja hulipi, hakuna mambo ya kulipa muhula mzima halafu ukiugua pesa imeenda. Mwalimu ni mstaafu, amefundisha histo shule za upili za huku Nyanza na Western mpaka akastaafu, sitaandika jina lake juu hapendi na hahitaji. Likizo anafunga kabisa. Siku ya kwanza ya kila muhula anawasomea Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, kile kinachokataza mwanafunzi kufanyishwa tuisheni wakati wa likizo, halafu anauliza kama kuna mtu amelazimishwa na mzazi kuja hapo, kama yuko aende nyumbani na amwambie mzazi ampigie yeye simu. Niliona msichana mmoja akiinuka akaenda, na hakuna aliyemcheka.

Sasa kilichonifanya nibaki. Pale hakuna noti za kunakili. Kwenye meza kuna Katiba, zile nakala za jalada laini zimeshikwashikwa mpaka zimelegea, nyingi za Kiingereza na chache za Kiswahili, na swali lolote utakalouliza anakujibu fungua. Bunge linaweza kujiongezea muda? Fungua Kifungu cha 102, usome, utuambie. Unasoma unakuta ndiyo linaweza, lakini nchi ikiwa vitani tu, na thuluthi mbili ya kila nyumba wakubali, miezi sita sita na isipite mwaka mmoja. Gavana akifa nani anaingia? Fungua 182. Mwanzoni inachosha, unataka tu akuambie jibu uandike, lakini kufikia katikati ya muhula unajikuta unasoma sheria kwa macho yako mwenyewe na unaona vile neno moja kama "zaidi ya nusu" linaweza kubadilisha nani anaingia Ikulu.

Kabla ya hapo nilikuwa naenda senta nyingine hapa mjini, hiyo siitaji. Kule ilikuwa ni karatasi za pointi, majukumu kumi ya Spika, sababu kumi za ugatuzi, faida kumi, hasara kumi, unakariri kama mtu anakariri nambari ya simu, ukiulizwa kwa nini hiyo sababu ya tatu ni sababu huna la kusema. Na mwisho wa mwaka walikuwa wanauza karatasi ya maswali ati yatakayokuja, pesa tofauti. Hata mambo ya Katiba walikuwa wanatusomea kutoka kitabu cha mazoezi, hiyo Katiba yenyewe sikuwahi kuiona mle ndani. Watu wa kidato cha nne wanatoka hapo wanaingia miaka ya kupiga kura, aki inauma, mtu anajua kutaja vipengele vya uraia vitano na hajawahi kushika kitabu kinachompatia huo uraia.

Somo ambalo kila mtu aliyepita Kibuye atakutajia ni la vifuniko. Mwalimu ana mfuko wa vifuniko vya soda, anamwaga mezani 47, kila kimoja ni kaunti, anasema haya, kuna mgombea wa urais ana asilimia 54 ya kura zote, mtangazeni. Watu wanarukia, ameshinda! Anasema someni 138 mpaka mwisho. Unasoma unakuta lazima apite nusu ya kura zilizopigwa nchi nzima na pia apate angalau asilimia 25 kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, maanake 24. Basi mnaanza kugeuza vifuniko, mmoja anasoma matokeo aliyoyatunga Mwalimu kwenye karatasi, mwingine anageuza, Turkana amepata, Kwale hakupata, Vihiga hakupata, Narok amepata, na darasa lote linahesabu kwa sauti mpaka mnafika 23 na vifuniko vimeisha. Kimya. Hakuna rais hapo, mnarudi debeni ndani ya siku 30, nyinyi na asilimia zenu 54. Halafu ndio anaeleza kwamba hilo wazo halikuanza na Katiba ya 2010, kwamba tangu uchaguzi wa 1992 mgombea alihitaji asilimia 25 kwenye mikoa mitano kati ya minane, na sababu ni ileile, mtu asibebwe na eneo lake peke yake akaitwa rais wa wote. Mimi hilo swali hata uniamshe saa nane usiku nitakujibu.

Wiki zinazofuata vifuniko vilevile vinavuka bahari, juu kama unajua silabasi ya kidato cha nne, karatasi ya pili ina uchaguzi na serikali za Uingereza, Marekani na India. Kwa Marekani anaongeza vinne viwe 51, majimbo 50 na Washington DC, anaandika idadi ya wajumbe wanaomchagua rais juu ya kila kimoja kwa kalamu ya felti, jumla 538, anayefika 270 ameshinda. Anawapa uchaguzi wa 2016 mpange wenyewe, mnaona kwa macho vile Hillary Clinton alipata kura za wananchi karibu milioni tatu zaidi na bado vifuniko vikaenda kwa Donald Trump, 304 kwa 227. Kwa Uingereza kila kifuniko ni viti kumi vya bunge, wako na viti 650, na anawapa uchaguzi wa Julai 2024. Labour wanachukua viti 411 kwa kura kama asilimia 34. Liberal Democrats na asilimia kama 12 wanapata 72. Reform UK wana asilimia 14, yaani wamepita Liberal Democrats kwa kura, na wanapata viti vitano, nusu ya kifuniko! Jamaa mmoja wa Nyalenda alisimama akasema huo ni wizi, Mwalimu akamwambia keti uandike kwa nini ni wizi, halafu ugeuze karatasi uandike kwa nini si wizi, na usome zote mbili mbele ya watu. India anaipitia haraka zaidi, Lok Sabha, nyumba ya chini ya bunge lao, ina viti 543, wa kuunda serikali anahitaji 272, basi.

Hiyo tabia ya kugeuza karatasi ndiyo roho ya lile darasa. Nina binamu yangu yuko sixth form huko Leicester, Uingereza, ile miaka miwili ya shule kabla ya chuo kikuu, anafanya A-level ya siasa, bodi ya mitihani ya Edexcel, na tulikuwa tunatumiana maswali WhatsApp karibu kila wikendi. Wao wana karatasi tatu za saa mbili mbili. Ya kwanza ni siasa za Uingereza pamoja na zile itikadi kubwa, uhafidhina, uliberali na ujamaa. Ya pili serikali ya Uingereza na itikadi nyingine moja wanayochagua shule, ya kwao ni ufeministi. Ya tatu ni kulinganisha, aidha Marekani ama siasa za dunia. Swali kubwa lina alama 30 na halikuulizi utaje pointi, linakupa kauli, mathalani Uingereza ipate katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja, na unatakiwa uipime pande zote mbili halafu utoke na msimamo wako, ukikosa msimamo alama zinaenda. Sisi KCSE ukiangalia sehemu ya C unapewa taja tano halafu eleza tano, ama taja tatu halafu eleza sita, alama 15, umemaliza. Sisemi yetu ni mbaya, mtihani wa nchi nzima lazima usahihishwe kwa haki na pointi zinasaidia hapo. Ila nilipomtumia binamu insha niliyoandikia Mwalimu kuhusu kama Seneti yetu ina nguvu za kutosha, mwalimu wake aliisoma akasema hiyo ingefaulu kwao, na mimi sijawahi kukanyaga sixth form, nilijifunza kuandika hivyo kwenye benchi la kanisa Kibuye kwa mia tatu.

Na usidhani anasahau mtihani wetu. Mwezi mmoja kabla ya KCSE mambo yanabadilika, ni kuandika tu, anakuonyesha vile ya kueleza inataka sentensi kamili yenye sababu ndani yake, siyo neno moja, vile watu wanapoteza alama kwa kurudia pointi ileile kwa maneno tofauti, vile unagawa muda usikwame kwa yale maswali mafupi 17 ya sehemu ya A ambayo yote pamoja ni alama 25. Nilipata nilichotaka, niishie hapo.

Somo la mahakama ndilo mimi binafsi nililipenda zaidi. Aliweka hukumu mbili kando kwa kando, ya Nairobi ya tarehe 1 Septemba 2017 na ya London ya 24 Septemba 2019. Ya kwetu mnaijua, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne kwa wawili, ikafuta uchaguzi wa urais wa 8 Agosti, mara ya kwanza hiyo Afrika, na ikaagiza urudiwe ndani ya siku 60. Ya London ni Boris Johnson alikuwa amelifunga bunge kwa wiki tano wakati wa yale mambo ya Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na majaji wote 11 wakasema haikuwa halali, bunge halikufungwa kamwe. Sasa swali lake, Maraga alikuwa na Kifungu cha 140 mkononi kinachosema siku 14 na kinachosema uchaguzi mpya, hawa wa London hawana katiba ya kitabu kimoja, walishika nini? Tulibishana mpaka saa sita na nusu ikapita na hakuna aliyeamka. Jibu linalotoka ni kwamba walishika kanuni za zamani, kwamba bunge ndilo kuu na serikali lazima iwajibike kwake, na hizo kanuni zimejengwa na kesi za miaka mingi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, basi iliyo na nguvu zaidi ni gani, ile iliyoandikwa ama ile watu wamekubali kuiheshimu? Mwalimu hakujibu, alimpa chaki aende mbele.

Na huwezi kufundisha 2017 Kisumu kama unavyoifundisha kwingine. Ule uchaguzi wa marudio wa 26 Oktoba haukufanyika huku, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, sisi tulikuwa watoto wa primari na harufu ya teargesi tunaijua. Mwalimu hakwepi na pia hachochei. Alipofika kwa chama cha KPU (Kenya People's Union) na Jaramogi Oginga Odinga, vile alijiuzulu umakamu wa rais 1966 akaunda chama chake, alituelekeza upande wa dirisha, hospitali ya Russia iko hapo juu, si mbali, ile iliyofunguliwa na Mzee Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo watu walipigwa risasi barabarani, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Halafu akasema fungueni Kifungu cha 37 cha Katiba, haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, someni kwa sauti. Tukasoma. Ilikuwa ni mwaka mmoja tu tangu ile Juni ya 2024 ya maandamano ya kupinga mswada wa fedha, kwa hivyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kifungu hicho kipo.

Ile Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba 2025 hakukuwa na darasa, Kisumu yote ilikuwa Mamboleo kumuaga Baba, Raila Odinga. Wiki iliyofuata, KCSE iko karibu kabisa, nilifikiri tutarudia maswali tu, lakini alitumia saa nzima kuuliza swali moja, mtu ambaye hakuwahi kuwa rais anawezaje kubadilisha katiba ya nchi? Watu walitaja vyama vingi na kufutwa kwa kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kile cha chama kimoja, mwaka wa 1991, wakataja kura ya maoni ya 2005, wakataja 2010, wengine wakaleta handisheki yake na Rais Uhuru Kenyatta ya 2018 na wakabishana vikali kama ilisaidia ugatuzi ama iliua upinzani bungeni. Kuna waliokuwa wanalia. Aliacha walie, na bado akadai kila anayesema ataje mwaka na ataje kilichobadilika. Mimi nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi niliyoona Baba akipewa wiki ile yote.

Sasa nyota iliyopotea. Kwanza ukumbi. Paa ni mabati matupu na Kisumu mnaijua, kufikia saa tano joto ni mbaya, madirisha yanafunguka upande mmoja tu, beba maji yako. Choo ni kimoja. Muhula wa tatu watu wanajaa mpaka wengine wanakaa kwa ngazi ya jukwaa, na kwaya ya kanisa huwa inafanya mazoezi mlango wa pili, sauti zao ni tamu lakini huwezi kumsikia Mwalimu akisoma hukumu. Anafaa aweke kikomo cha watu ama afungue darasa la pili mchana, nimemwambia, wengine pia wamemwambia.

Pili, nakala za Katiba hazitoshi, mnagawana tatu kwa moja, na ukiketi nyuma unaweza kumaliza asubuhi nzima bila kushika ukurasa. Tatu, insha zinachelewa kurudi. Anasahihisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kupata, anaandika maswali pembeni kwa wino wa kijani, lakini ni mtu mmoja na karatasi ni nyingi, yako inaweza kurudi wakati mada imeshapita na wewe umeshasahau ulikuwa unabisha nini. Na kuna mada ya mapato na matumizi ya serikali, hiyo anaipitia kama mtu anavuka barabara ya moto. Tulisoma kwamba kaunti lazima zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, Kifungu cha 203, tukaambiwa mengine tusome nyumbani. Hapana, hapo tulihitaji vifuniko kuliko mahali pengine popote! Pesa ya kaunti inatoka wapi, nani anaigawa, Seneti inaingia wapi, bajeti ya wadi yangu naipata wapi, hayo ndiyo mambo mtu wa Nyalenda ama Manyatta atayauliza maisha yake yote.

Tena kuna jambo la wasichana. Wavulana wanapiga kelele wanashika mjadala, na Mwalimu huwa anajitahidi kuwatuliza lakini si kila mara. Yule wa kidato cha tatu aliyepewa chaki ni mmoja, wako wengi wanaojua na hawapati nafasi. Mdogo wangu anasema siku hizi ameanza kuita kwa majina kutoka kwa daftari, zamu kwa zamu, hiyo imesaidia.

Nani aende? Kama unataka karatasi ya pointi ya kubeba wiki ya mtihani, utachoka hapo na utaona umepoteza pesa. Kama unafikiria sheria, uandishi wa habari, ualimu, ama political science Maseno ama kwingine, nenda, na uende mapema kidato cha tatu usingoje muhula wa mwisho. Wa Busia na Bungoma wanaokuja kwa matatu asubuhi wapo, nauli inawauma lakini wanarudi. Wale wa Grade 10 wa mtaala mpya ambao wako njia ya sayansi za jamii wananiuliza kama watachukuliwa, mpaka sasa jibu lake ni kwamba anamaliza kwanza na watu wa KCSE, na ya mwisho ni 2027, baada ya hapo ataangalia. Mimi naomba awachukue juu hao ndio watakuwa na miaka mingi ya kusoma haya mambo.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu kasorobo upate kiti cha upande wa dirisha, beba maji na daftari la mistari, na uende na Katiba yako mwenyewe. Kwenye tovuti ya Kenya Law inapatikana bure, ukiwa na bando kidogo ishushe kwa simu, ama uichape kwa saiba. Simu anaruhusu kwa hiyo kazi peke yake.